Hotuba ya Kuwasha Tanuri la Darasa la Kiingereza

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Mzee Othmani. Mkuu wa Shule, Mwalimu Scholastika. Waheshimiwa wajumbe mliohudhuria, wajumbe mliotuma udhuru, na wajumbe ambao hamkutuma udhuru lakini viti vyenu vimewekwa. Viongozi wa dini zote mbili. Mama Agripina, kiongozi wa akina mama wafyatua matofali. Vijana wa bodaboda mliozima injini kwa heshima yangu, na wewe mmoja ambaye hujazima. Mabibi na mabwana. Wengine wangesema itifaki imezingatiwa, wakaendelea. Mimi, Emilian, ni mwalimu mstaafu wa sarufi. Kwangu itifaki husomwa yote.

(Makofi ya adabu. Mzee mmoja anainua uso na kutazama mawingu.)

Nasimama hapa nje kidogo ya Ilongero nikiwa na kiberiti hiki, nilichokabidhiwa juu ya sinia lililofunikwa kitambaa, kwa kuwa desturi yenu njema yasema tanuri la nguvu za wananchi haliwashwi na mtu mwingine yeyote ila mgeni rasmi. Matofali nayaona yamepangwa, kuni zimo midomoni mwa tanuri, na nimeambiwa kwamba mabinti wa kidato cha kwanza wanasomea Kiingereza mlangoni mwa ghala la alizeti, wakiinuka kila gunia linapopita. Najua pia kwamba mlinisubiri mwaka jana.

(Agripina: "Tulikusubiri, Mzee, mvua ikayeyusha matofali yote yakiwa mabichi!")

Ahsante, Mama, kwa takwimu hiyo. Imepokelewa na itafanyiwa uchakataji.

(Agripina: "Basi washa kwanza, ndipo uchakate. Wingu hilo halina itifaki!" Kicheko.)

Nitawasha. Lakini haiwezekani kuwasha tanuri la darasa la Kiingereza bila wadau kujengewa uwezo kuhusu Kiingereza chenyewe, na ndiyo sababu Kamati yangu inatekeleza Mradi Jumuishi wa Uunganishaji wa Vivumishi, Nomino, Vielezi na Participle, ambao kwa kifupi huitwa MJUVINOVIPA, na ambao kwa mujibu wa tathmini niliyoifanya mwenyewe unafahamika kwa asilimia mia moja miongoni mwa watu wanaoufahamu.

(Dereva wa mgeni rasmi, Lazaro, anapiga makofi peke yake.)

Ndugu wananchi, Kiswahili chetu hutaja kitu kwanza, kisha hukisifu. Twasema darasa zuri, kubwa, jipya. Mwingereza hufanya kinyume: hutanguliza sifa, na kitu kikaja nyuma. A beautiful big new classroom. Na sifa zenyewe husimama foleni: maoni ya msemaji mbele, ukubwa unafuata, umri baada ya ukubwa, rangi baada ya umri. Ukisema a new big beautiful classroom, umewarusha watu foleni, na mimi katika utumishi wangu nimewahi kumrudisha mwanafunzi nje ya mlango kwa kosa dogo kuliko hilo.

Kamati yangu imeufuata utaratibu huu hadi kwenye ngazi ya utekelezaji. Imetanguliza sifa. "Zuri" limeshapitishwa. "Kubwa" limeshapitishwa. "Jipya" lipo kwenye mchakato. Darasa lenyewe, kwa kuwa ni nomino, litakuja mwisho, na yeyote anayelidai sasa hivi anadai kinyume cha sarufi.

(Minong'ono. Mwalimu Scholastika anainamisha kichwa. Mabega yake yanatikisika.)

Sasa tuje kwenye participle. Kibao kile mnachokiona pale, nilichokuja nacho kwenye gari, kimeandikwa a nearly completed classroom, yaani darasa lililokaribia kukamilika. Completed ni kitendo kilichogeuzwa kuwa sifa. Kiweke mbele ya darasa, na darasa limekamilika bila mtu kumtaja fundi, wala maji, wala akina mama waliobeba udongo. Hiyo ndiyo nguvu ya participle: inaonyesha kazi na kumficha mfanyakazi. Naye kielezi nearly anamshika completed mkono kwa upole, asifike. Bila nearly kibao kingekuwa uongo. Pamoja na nearly ni taarifa rasmi.

Nitoe mfano wa kienyeji. A boiled chicken ni kuku aliyekwisha kuiva, yupo mezani. A boiling pot ni chungu ambacho bado kinachemka. Mimi naheshimu vyote viwili, lakini nimekuja kwa ajili ya yule wa kwanza, na nimesikia harufu yake kutoka nyumba ya pili.

(Ngurumo, mbali. Mzee Othmani: "Mheshimiwa, kwa unyenyekevu, kiberiti…")

Kiberiti kipo salama mkononi mwangu, Mwenyekiti, kama kilivyokuwa salama kwenye sinia lenu mwaka jana. Msinielewe vibaya. Nikijipima kwa kipimo changu mwenyewe, mimi ni kivumishi: hukaa mbele, kwenye kiti chenye kitambaa, nikaipamba kazi inayofanywa na wengine. Mke wangu, Kristina, anasema hata hapo najikweza. Yeye huniita kielezi, kwa kuwa naweza kuondolewa kwenye sentensi na sentensi ikaendelea kusimama.

(Kicheko kikubwa. Agripina hacheki. Ananyanyuka, anaelekea nyumba ya pili.)

Naona Mama Agripina ameguswa. Niendelee. Katika kipindi cha utekelezaji tumefanya uhamasishaji, uhamasishaji wa waliohamasishwa, na semina elekezi kuhusu mahali pa kuweka neno soon, yaani hivi karibuni, ambapo wajumbe walikubaliana kwa kauli moja kwamba soon ikae mwisho kabisa, ambako haimsumbui mtu…

(Agripina anarudi akiwa na kigae chenye makaa mekundu. "Shikamoo tena, Mzee. Nimeyatoa chini ya kuku wako. Wewe ongea tu." Akina mama wanampisha. Makaa yanaingizwa kwenye mdomo wa tanuri. Moshi.)

Mwenyekiti! Hilo halikuwemo kwenye ratiba!

(Mzee Othmani: "Marahaba… yaani, ndiyo, Mheshimiwa. Desturi ni desturi, lakini mabinti wale ni wetu." Anavua koti, anaanza kupitisha udongo wa kukandikia juu ya tanuri. Viti vinabaki vitupu, hata vile vya wasiotuma udhuru. Matone ya kwanza yanaanguka, kuni zimeshika.)

Ndugu viti! Nahitimisha kwa kaulimbiu. Vivumishi oyee!

(Lazaro: "Oyee!")

Sifa mbele!

(Lazaro: "Darasa nyuma!")

Nomino?

(Kuni zinalia tanurini.)

Kabla ya kuketi, niwashukuru wananchi wa Itigi waliopokea mradi huu huu mwezi uliopita, na wananchi wa Shelui watakaoupokea kesho. Naushukuru mfuko wa mradi, ambao haujawahi kushonwa. Mchoraji wa ramani, ambaye hajawahi kuzaliwa. Na wajumbe wote wa Kamati, yaani mimi, Lazaro na kibao. Lazaro, libandue jina la kijiji kwenye kibao polepole, rangi isichubuke, kisha ukipakie kwenye gari. Kuku naambiwa ameachwa sufuriani akiwa nusu ya participle, nami sina wa kumlaumu.

Mwalimu Scholastika, darasa likisimama, usiniite mgeni rasmi. Na kiberiti hiki nakirudisha kwenye sinia lake, chini ya kitambaa chake. Mkaguzi yeyote akija, atakihesabu na kukuta hakikutumika vibaya. Hakikutumika kabisa.