Dakika Mbili za Soli Kwenye Kona

Redio ya saluni ndiyo iliyoanza. Mtangazaji alisema mechi ya jana imekwisha moja bila, na kocha wa timu iliyofungwa anang'aka: beki wa wapinzani alimgeuzia mshambuliaji mgongo pembeni, akamkatia njia mpaka mpira ukatoka wenyewe nje, na refa akatazama tu. Kocha anataka ujanja huo uhesabiwe kuwa ni kumzuia mtu, na faulo itolewe.

"Ahsante, kocha," akasema Wembe, kinyozi, akikung'uta kitambaa chenye nywele mlangoni. "Miaka kumi na tisa nalisema hilo, naonekana mwehu."

Soli akaweka sindano chini. Alikuwa fundi viatu, na meza yake ilibanwa ukutani kati ya saluni ya Wembe na jiko la Mama Birika, muuza kahawa. Wembe alikuwa shemeji yake, amemwoa dada yake Soli. Lakini kabla ya ushemeji, miaka kumi na tisa iliyopita, kulikuwa na fainali: timu ya soko na timu ya stendi. Soko wakiongoza kwa goli moja, dakika mbili zimebaki, Soli aliupeleka mpira kwenye kibendera cha kona, akaukinga kwa makalio, na Wembe wa stendi akabaki nyuma yake hadi kipenga cha mwisho. Soli hakuwahi kufunga goli maishani. Dakika zile mbili ndizo zilizokuwa goli lake.

"Kocha amefungwa, anatafuta pa kulilia," Soli akasema. "Kuukinga mpira ni ufundi. Muulize Kifungu."

Kifungu, karani mstaafu wa mahakama, alikuwa ameketi kwenye benchi na kikombe chake. Huyu hata karatasi ya ndani ya boksi la dawa huisoma mpaka nukta ya mwisho.

"Sheria haina longolongo," akasema. "Mpira ukiwa karibu nawe kiasi cha kuuchezea, ruhusa kuukinga kwa mwili. Ukiwa mbali nawe halafu ukamsimamia mwenzio njiani, hapo umemzuia."

"Kwa hiyo mimi nikisimama bombani na ndoo tupu," Wembe akauliza, "sichoti wala sipishi, nikiulizwa niseme nakinga bomba?"

"Watu wa hivyo wapo," Mama Birika akadakia. "Na wengine wamekalia benchi langu tangu asubuhi, kikombe kimoja kimoja, wateja wanakunywa wima. Hao tuwaiteje?"

"Kikombe kiko karibu kiasi cha kunyweka, mama," Kifungu akajibu bila kucheka. "Sheria inaturuhusu."

"Mpira ni wa aliye nao," Soli akakazania. "Mwanamke akibeba mtoto mgongoni, utamwambia amgeuze mbele ili umpokonye?"

"Wewe hukuubeba, shemeji. Uliuatamia. Refa angeongeza dakika tano tungeona vifaranga."

Benchi zima likacheka, hata mteja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa ndani ya saluni. Soli alicheka nao kwa midomo tu. Neno lile lilimwingia kama msumari uliopenya soli hadi kisiginoni. Akainama, akavuta kutoka chini ya meza mpira wa shule ulioletwa Ijumaa kushonwa.

"Maneno hayachani kiatu," akasema. "Njoo uuchukue."

"Hapa?"

"Hapa. Mtaro ndio mstari wa nje. Dakika mbili."

Wembe akamwambia mteja wake asubiri, naye mteja akatoka na shuka shingoni ili asipitwe. Kifungu akavua saa. Mama Birika akagonga kifuniko kwenye birika, mchezo ukaanza.

Soli, mwenye miaka hamsini na mitatu, akauweka mpira mbele ya mguu, akapanua mabega, akabinua nyonga. Wembe akaja nyuma yake, akapeleka mguu huku, akapeleka kule.

"Angalieni mikono yake," Wembe akalalamika. "Amefungua mbawa."

"Mwili ni wangu, ulitaka niuache nyumbani?"

"Sekunde arobaini," akasema Kifungu.

Hapo goti la Soli likamsaliti. Mguu ukateleza, ukaugusa mpira, nao mpira ukabiringika hatua mbili nzima mbele yake. Kila mtu aliona. Kushoto kulikuwa wazi. Toroli la mizigo lingepita. Soli akafumba macho, akangojea aibu yake.

Wembe hakupita. Soli alihisi paji la uso la shemeji yake likimwegemea katikati ya mgongo, pumzi zikienda kama mvukuto. Hakuwa anasukuma. Alikuwa anapumzika. Na uzito ule Soli aliujua. Alishaubeba mara moja kabla, pale kwenye kibendera. Mpira ukabiringika polepole, ukatumbukia mtaroni.

"Mbona hukupita kushoto?" Mama Birika akauliza.

"Pumzi," Wembe akasema, akaketi chini palepale.

Soli akamgeukia. "Na siku ile?"

Wembe akafuta uso kwa kitambaa cha saluni, nywele za watu zikamganda shavuni.

"Siku ile pia, shemeji. Miguu ilikufa zamani. Ulipogeuza mgongo nilimshukuru Mungu, nimepata pa kuegemea. Wenzangu waliponijia juu, nikawaambia umenizuia."

Kifungu akakohoa kikarani.

"Basi hapakuwa na aliyeutaka mpira. Pasipo anayeutaka, hakuna kukinga wala kuzuia. Kesi inafutwa."

Soli alitazama meza yake, visigino vilivyopangwa, kopo la gundi. Miaka kumi na tisa amewasimulia wateja dakika zile huku akipiga misumari; kumbe alikuwa nguzo, mtu amechoka akaegemea. Afadhali aitwe mkorofi.

"Haifutwi," akasema. "Andika kwamba nilimzuia."

"Si ulisema ni ufundi?" Kifungu akauliza.

"Nilikosea. Mpira ulikuwa mbali nami, hatua tatu. Na mikono nilitanua. Kiwiko nacho kilikuwepo."

Wembe akainua macho, akamtazama shemeji yake.

"Kiwiko kilikuwepo," akakubali taratibu. "Kilinipata hapa." Akashika mbavu za kulia.

"Za kushoto," Soli akamrekebisha.

"Za kushoto. Na dada yako akiuliza, iwe hivyohivyo. Alianza kunisalimia siku ile, kwa kunionea huruma."

Kifungu alitafakari, akavaa saa yake. "Ikiwa mshtaki na mshtakiwa wamekubaliana, mahakama haina kinyongo. Ni faulo."

"Faulo," akasema Soli, moyo ukamtulia.

"Vizuri," akasema Mama Birika, akikusanya vikombe vyao bila kuuliza kama vimekwisha. "Sasa mpira wa watoto wa shule umo mtaroni, na sioni anayemzuia mwenzie."

Mashemeji wakatazamana. Wembe akakumbuka ana mteja mwenye nusu kichwa. Soli akaokota sindano na kuanza kutafuta tundu lake, akilielekeza juani, akilisogeza jichoni, mpaka kila mtu akawa ameondoka na ikabidi aende mtaroni mwenyewe.