Ushahidi Ulioomba Sukari

Wananchi wa Santa Rufina walitangaziwa kwa kipaza sauti, mbele ya kanisa, kwamba tangu siku hiyo hakuna tunda litakaloruhusiwa kuchacha ndani ya wilaya bila idhini ya maandishi. Ndugu Baudilio Roque, Mkurugenzi wa Idara ya Uchachu, alilisoma tangazo hilo mara mbili, maana mara ya kwanza watu walicheka. Katika kanivali iliyopita lori la bia ya serikali lilirudi limejaa kama lilivyokuja, kwa kuwa mji mzima ulikuwa ukinywa mvinyo wa majikoni. Ilidhihirika, alisema Mkurugenzi, kuwa matunda yamekosa usimamizi. Basi jengo lolote litakalokutwa na tunda linalochacha lifungwe papo hapo, na vyombo vitwaliwe na kutunzwa katika hali ile ile vilivyokutwa.

Kazi hiyo alipewa Leonel Quesada, mkaguzi mwaminifu kupita kiasi. Leonel alikuwa mtu wa kupanga foleni hata akiwa peke yake.

Alianzia jikoni kwa Bibi Onelia Fajardo, akamkuta akikamua mapera kwa foronya kuukuu. Ukutani zilijipanga chupa kubwa za kioo zenye matumbo, kila moja imevalishwa glavu ya mpira mdomoni, na glavu zote zimesimama wima, vidole hewani.

"Hizi zinapiga kura ya nini?" akauliza Leonel.

"Hewa ya hamira hiyo, mwanangu. Ni mapera, sukari, maji ya uvuguvugu na hamira ya mkate kidogo. Glavu nimeitoboa kwa pini ipate kupumua. Ikilala, mvinyo umeiva."

"Wa nini, Bibi?"

"Wa harusi ya mjukuu wangu Yamisel. Au wageni tuwape maji ya bomba?"

Leonel akatoa lakiri mfukoni. Na yeye alikuwa kaalikwa. "Sheria haina shangazi, Bibi. Jiko nalifunga."

"Na maharage yangu?"

"Yamechacha?"

"Bado."

"Basi toka nayo."

Tangu hapo Bibi Onelia alipikia mkaa kando ya barabara, na kila Leonel alipopita alimwamkia kwa upole uliomuuma kuliko matusi.

Chupa zilipangwa ofisini, nyuma ya kiti cha Mkurugenzi. Haukupita muda, glavu zikaanza kulegea. Leonel alipatwa na jasho jembamba. Sheria ilisema hali ile ile. Akaenda kando ya barabara, kofia mkononi.

"Bibi, ushahidi umeshusha mikono."

"Una njaa. Upe sukari."

Idara ikatoa sukari yake ya kahawa. Mikono ikainuka, Leonel akalala usingizi. Msako ukaendelea mtaa kwa mtaa: mvinyo wa nanasi, wa zabibu kavu, hata wa mchele. Ofisi ikajaa mikono iliyoinuliwa, na Mkurugenzi akapenda sana kuhutubia humo. Kila asubuhi alionja kikombe kimoja kujiridhisha na hali ya ushahidi. Jioni alijiridhisha tena.

Siku ya harusi Leonel aliona glavu za Bibi Onelia zimelala, na kwa sukari yoyote hazikuinuka. Mvinyo ulikuwa umeiva. Tunda lililoiva kuwa mvinyo halichachi tena, akawaza, kwa hiyo halimo katika tangazo. Lakini za wengine zilikuwa bado wima. Akalipitia tangazo upya, neno kwa neno, kisha akatazama kuta nne zilizomzunguka. Akavaa kofia yake.

"Ndugu Mkurugenzi, naomba utoke nje."

"Kuna moto?"

"Kuna tunda linalochacha."

"Leonel, hii ni Idara."

"Ni jengo pia, ndugu."

"Nani kakutuma?"

"Wewe, ndugu. Kwa kipaza sauti."

Mkurugenzi alitoka na kikombe chake, akidhani ni utani. Leonel alizitoa chupa zote, akafunga mlango, akabandika lakiri.

"Basi natoa idhini ya kufungua," akasema Mkurugenzi.

"Idhini ni ya maandishi, ndugu. Karatasi zenye nembo zimo ndani, na ndani pamefungwa."

Mwashi aliyekuwa akipita akatikisa kichwa. "Msumeno huo, mkubwa. Unakata mbele na nyuma."

Jiko la Bibi Onelia halikuwa tena na tunda, basi Leonel akalifungua. Chupa zake akamsukumia kwa mkokoteni mwenyewe, na za wengine, kwa kuwa jengo lolote la kuzitunza lingefungwa pia, wenyewe wakaja kuzichukua. Bibi alimimina mvinyo kidogo kwenye glasi, akauinua kwenye mwanga, akaonja.

"Umeutunza vizuri. Sukari imezidi kidogo."

"Ni ya serikali, Bibi."

Harusi ilipopamba moto, Mkurugenzi alitokea akitafuta ufunguo. Watu walikuwa wengi, glasi chache, na Bibi Onelia hakuwa na nafasi ya kumsikiliza mtu amesimama bure. Alimpa beseni na kitambaa.

"Osha hizo kwanza, mwanangu. Watu wana kiu."

Mkurugenzi akatazama kulia na kushoto apate wa kumkabidhi. Hakumpata. Akakunja mikono ya shati. Alipomaliza glasi ya mwisho, zilikuwa zimerudi nyingine chafu, na nyuma yake sauti ya mzoa takataka ikamwambia afanye haraka, kuna foleni.