Drone ya Mzee Ngendakumana

Siku drone ya harusi ilipoanguka juu ya bati la kanisa pale Rugenge, mwenye kamera aliona hasara, wanaharusi waliona mkosi, na Anastase, mjanja wa mtaa huo, aliona biashara.

Aliiona vizuri zaidi watu wa usalama walipofika. Hawakupiga mtu. Walisimama kivulini wakamsomea mwenye kamera orodha ya mambo aliyopaswa kuwa nayo kabla ya kurusha kitu chochote juu ya mji wa Uvira: mashine iandikishwe, rubani awe na leseni, asiransi, yaani bima, ilipwe, ruhusa ya usalama itolewe, na kila safari ielezwe mapema ni ya wapi na ya nini. Mwenye kamera alitoka jasho. Walipoondoka alimtupia Anastase ile mashine iliyovunjika, akamwomba aipeleke popote ambapo yeye hataiona tena.

Anastase aliifuta vumbi kwa heshima. Maisha yake yote alikuwa akiuza vitu ambavyo mwishowe mnunuzi hudai kuvijaribu, na hapo ndipo biashara huharibika. Sasa serikali yenyewe imekataza kujaribu. Mashine isiyoruhusiwa kuruka bila karatasi, nani atajua kwamba imekufa?

Tusimwonee lakini. Safari hii hakuwa akitafuta pesa ya bia. Alikuwa akimpenda Jolie, binti wa Papa Ildephonse wa Kavimvira, na alimpenda kweli, jambo lililomshangaza hata yeye. Papa Ildephonse hakutaka maneno. Alitaka ng'ombe, mzima, mwenye pembe, asimame uani kwake. Na nyuma ya Anastase alikuwa amejipanga Achille, karani wa bandarini Kalundu, kijana mwenye mshahara na viatu vya kung'aa.

Basi Anastase akavaa koti, akatia mashine yake ndani ya sanduku lenye sponji, akapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Sange, kwa Mzee Ngendakumana.

Mzee huyu alikuwa na nyumba kando ya barabara na ng'ombe wengi juu milimani, Rurambo, ambako magoti yake yalikuwa yamekataa kumpeleka. Alishuku kwamba wachungaji wanauza maziwa yake. Anastase alimweleza jinsi jicho la angani litakavyompa ng'ombe wake wote sebuleni, akiwa ameketi. Mzee akatafakari, akashusha sauti, akauliza kama jicho hilo linaweza pia kupitia kidogo kwa ng'ombe wa majirani. Anastase alijibu kwamba upepo huwa unasukuma, na mtu hawezi kuulaumu upepo.

Wakaelewana sana. Lilibaki suala la karatasi. Anastase alizitaja moja baada ya nyingine kwa huzuni, kama padri anayesoma majina ya marehemu, akaeleza kwamba kila karatasi ina mlango wake na kila mlango una mlinzi wake. Mzee akasema pesa hana, ila atampa ng'ombe.

Moyo wa Anastase uliruka, uso ukabaki mahali pake.

Mzee aliita majirani. Jike mmoja mweusi akaletwa, kibuyu cha maziwa kikapitishwa, na Ngendakumana akatamka mbele ya watu wote kwamba leo amempa Anastase ng'ombe. Watu wakapiga makofi. Anastase alidhani wanashangilia hotuba yake. Akanywa maziwa mpaka chini, akaomba tena, na makofi yakaongezeka.

Hapa ni lazima tuseme wazi: Anastase alikuwa mtoto wa mjini. Ng'ombe alimjua kwa njia ya mishikaki.

Alifika Kavimvira akiwa amechafuka mpaka magotini, na furaha tele. Jolie alitoka mlangoni, akacheka, akafunika mdomo. Papa Ildephonse, mzaliwa wa Rurambo, alimzunguka ng'ombe, akampapasa mgongo, akaonekana kuridhika. Kisha akauliza amemnunua kwa nani. Anastase, akitaka kujipandisha bei, akajibu kwamba hakununua. Mzee Ngendakumana mwenyewe ndiye aliyempa, mbele ya watu, kwa maziwa.

Papa Ildephonse aliondoa mkono mgongoni mwa ng'ombe.

"Sasa weye ulikunywa?"

"Nilikunywa, papa. Hata nilirudilia."

Papa Ildephonse akakaa chini. "Huyu ng'ombe iko na mwenyewe," akasema. "Na weye pia, tangu leo uko na mwenyewe."

Akamfafanulia polepole. Ng'ombe wa namna hiyo ni undugu. Aliyepewa ni mtu wa aliyetoa: akiitwa anakwenda, akitumwa anatumika. Hauzi, hachinji, na hatoi mahari kwa ng'ombe huyo mpaka aliyetoa amfungue kwa mdomo wake, mbele ya watu walewale. Na ndama jike wa kwanza anarudi kwa mwenyewe. Papa Ildephonse hakuwa na ugomvi na mkwe mwongo, alisema, maana wakwe ndivyo walivyo, lakini hawezi kuingiza uani kwake ng'ombe wa mtu mwingine.

Anastase alijaribu machinjioni. Mchinjaji alimtazama ng'ombe, akauliza ametoka wapi, na aliposikia Sange akageukia kunoa kisu chake. Barabara nzima ya bondeni ilikuwa imeshapata habari.

Akarudi Sange kwa miguu, ng'ombe mbele. Njiani alitunga uongo mzuri sana kuhusu mama yake mgonjwa. Ngendakumana aliusikiliza mpaka mwisho, akausifia, kisha akavuta boksi kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na drone mpya kabisa, plastiki haijatoka.

"Ile yako imekufa," mzee akasema. "Niliona bawa lake limeungwa na gundi. Hii yangu ilitoka Bujumbura. Minye nilizunguka maofisi nayo mpaka nikachoka, mara 'kesho', mara 'chef hayuko'. Nikasema, hapa nahitaji muntu asiyechoka kusema. Halafu weye ukakuja, na koti."

Anastase aliuliza kwa sauti ndogo atafunguliwa lini.

"Siku itaruka na karatasi zote. Za kweli."

Hivyo ndivyo mjanja wa Rugenge alivyoanza kazi halali, bila mshahara. Aliandikisha mashine kwa jina la Ngendakumana. Alitafuta asiransi, na wenye asiransi walicheka kwanza, wakauliza baadaye. Alipelekwa masomoni, akajifunza upepo, urefu wa kuruka, na umbali wa kukaa na watu, akafaulu mtihani bila kuibia, kwa kuwa hakupata wa kumwibia. Kwa watu wa usalama aliambiwa aeleze nia yake, akasema ukweli: kutazama ng'ombe. Walimfahamu kwa uongo wake. Wakamwambia arudi siku nyingine na sababu inayoaminika. Alirudi na ileile, tena na tena, na kila aliporudi walizidi kumshuku.

Mpunga wa Sange ukavunwa, ukapandwa, ukavunwa tena. Jolie alingoja. Alingoja kweli, msimlaumu. Mwishowe akaja mwenyewe Rugenge, akakaa kwenye kiti pekee kilichokuwa chumbani.

"Anastase, minye nilizoea uongo wako," akasema. "Ulikuwa unafika haraka. Hii kweli yako inakawia sana."

Anastase alimsindikiza mpaka barabarani, akamshikia mwavuli. Usiku huo hakula.

Ruhusa ilitoka wiki chache baadaye, na mihuri yote. Ngendakumana alitimiza ahadi. Aliwaita majirani walewale, akatamka kwamba amemfungua Anastase, na kwamba sasa ng'ombe anaweza hata kutolewa mahari. Watu wakapiga makofi. Kisha akamwambia abaki kwa mshahara, kwa kuwa leseni ni yeye pekee aliyekuwa nayo, na kazi ya kwanza tayari imeitishwa. Ng'ombe wa Rurambo wangesubiri kidogo. Karani mmoja wa bandarini alikuwa anaoa, na alitaka harusi yake ionekane kutoka juu, kisheria.

Anastase alikwenda. Angekataa kwa sababu gani? Alisimama kando ya ziwa na koti lake, mashine ikapanda vizuri bila kutikisika, ikawaonyesha watu wote wa sherehe kwenye kioo: hema, meza, maji ya ziwa, na katikati kitu kidogo cheupe kinachotembea taratibu kushika mkono wa Achille.

Ngendakumana, mgeni wa heshima, alisogeza kiti chake karibu na kioo. "Iteremushe kidogo," akasema. "Tuone sura ya bibi-arusi."

Anastase alikaza macho kwenye kile kidoa cheupe. Sura ya Jolie aliijua bila kioo.

"Hairuhusiwi, papa. Sheria inakataza kukaribia watu zaidi ya hapo."

Ilikuwa kweli, ilivyoandikwa. Mzee alimtazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, akawaita na wengine waje wasikie uongo mpya wa Anastase.