Binti wa Mfalme Asiyevuka Mto

Jumatatu, 3 Agosti 1964. Kwapa.
Gari la sinema lilikuja jana jioni. Picha za kuchorwa zinazotembea. Watu wazima wakakodoa macho kama mbuzi. Binti wa mfalme, mweupe, nywele za njano kama ndevu za mahindi, amesimama mtoni analia mpaka mwanamume aje kumbeba. Maji yenyewe ya magoti. Mimi nilivuka Mto Malaba na mimba ya mwanangu Edimu, mtama kichwani. Sikulia.

Leo nimemkuta mjukuu wangu Asio, miaka sita, amejipaka unga wa muhogo uso mzima. Eti, Tata, ndivyo anavyoniita bibi yake, binti wa mfalme hana uso kama wangu. Nikamgombeza, unga si wa kuchezea. Kisha nikaenda nyuma ya jiko, nikakaa. Uso ule aliachiwa na marehemu mama yake.

Jumanne, 4 Agosti.
Nimempelekea Oketcho, mwenye gari la sinema, kuku. Nimemwambia abadilishe yule msichana kabla ya kuonyesha tena Alhamisi. Amesema kachorwa Ulaya, yeye anazungusha tu. Kuku amempokea. Kuku wangu anayetaga.

Jumatano, 5 Agosti.
Nimefikiri. Msichana anatokea wapi? Kwenye shuka wanalotundika mbele ya gari. Shuka ni la nani? La Mildred, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, anayejisifu nalo utadhani kalifuma mwenyewe. Nimejitolea kulifua. Ameshangaa, maana hatujasalimiana tangu Pasaka. Nimelichemsha na magome na udongo wa kichuguu. Limetoka rangi ya Asio kabisa.

Alhamisi, 6 Agosti.
Limefanya kazi. Binti wa mfalme katokea kahawia. Asio akasimama, akasema, "Tata, ni kama sisi." Nikajiona serikali.

Lakini mwanamume naye kahawia, farasi kahawia, mawingu kama pombe ya malwa. Watu wakazomea. Mildred akaniuliza mbele ya wote, "Mama Edimu, shuka langu la harusi umelifulia kwenye shimo la nguruwe?"

Hayo nisingejali. Ila pale mtoni Asio akanivuta nguo. "Tata, mbona bado analia? Si avuke?"

Nikamwambia atazame farasi. Mimi.

Ijumaa, 7 Agosti.
Asubuhi kajipaka unga tena. Nimemtwisha kifurushi cha muhogo, tukaenda mtoni, pale wanapovukia wachuuzi. Nikamwambia atangulie. Katikati akasimama, akageuka kunitazama. Nikamwambia sibebi mtu. Mkono nilikuwa nimeshaunyoosha, lakini hakuuona. Akavuka.

Upande wa pili, ulio Kenya, akanawa uso. Unga wote ukaenda na maji. Hakuutafuta.

Jumapili, 9 Agosti.
Nimetubu kanisani. Nimemwahidi Mildred shuka jipya na nimeapa kutoingilia tena sinema ya watu. Leo jioni Oketcho anaonyesha mara ya mwisho, kwenye shuka la padri. Mildred analilinda na fimbo.

Sitaligusa. Nimegundua tu kwamba mtu akisimama mbele ya ile taa ya gari, kivuli chake kinaingia kwenye picha, kikubwa kuliko farasi. Na kivuli hakina nywele za njano. Nimeshamfungia Asio kifurushi chake cha muhogo. Picha ikifika pale mtoni, apite mbele ya taa, avuke.