Mvinyo Wako Unamzuia Héritière Kuolewa

Bellevue, Johannesburg

Kwa Mheshimiwa Mwenye Shamba la Zabibu, Ujerumani,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa hustahili. Mimi ni Théodore, fundi cherehani, Mkongo wa Bukavu, mjomba wa Héritière. Tafuta mtu akusomee Kiswahili polepole, maana nimekasirika.

Kwetu mchumba huleta kinywaji. Mjomba hukionja mbele ya ukoo, akitamka "Tamu" binti anaachiliwa. Thierry, mchumba wa Héritière, anafanya kazi hotelini Sandton. Kaacha bia zote za mji huu, kaleta chupa ya mvinyo wako mweupe! Nilionja. Mdomo huu ndio unaosoma masomo kanisani Jumapili, hauwezi kusema uongo. Nikanyamaza, na harusi imesimama mpaka leo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mvinyo ni mchachu. Thierry anasema huitwa mkavu, na kwamba hiyo ni sifa. Bwana, nimemwaga kidogo kwenye zulia. Zulia limelowa.

2. Mgongoni mwa chupa umeandika unywewe na samaki, pilipili, na mboga iitwayo asparaga. Bukari, ugali wetu, hukuitaja, wala sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Tumekukosea nini? Hiyo asparaga nimeitafuta soko zima la Yeoville, mpaka mama mmoja akadhani naumwa, akanipa sombe bure. Nimeujaribu mvinyo na maandazi, ukagoma. Na uji wenye sukari, vikagombana mpaka tumboni. Samaki sikumgusa, kwani kwetu samaki huliwa baada ya "Tamu", si kabla.

3. Unasema unywewe baridi. Mungu apishe mbali! Kinywaji cha mahari hakiingii friji: kikipoa, na ndoa inapoa. Nimekiweka mahali pa heshima, ubavuni mwa hita. Sasa ni kichachu na cha moto.

4. Héritière, niliyemlea tangu baba yake afariki, hanisemeshi. Ananiwekea sahani, anaondoka. Inaniuma sana, na kosa ni lako.

Kwa hiyo utie sukari mvinyo wote wa Ujerumani. Ukishindwa, njoo mwenyewe Bellevue, ukae kwenye kiti changu, useme "Tamu" mbele ya ukoo. Na kwa kuwa umejiingiza katika mahari yetu, wewe sasa ni mkwe, mbuzi mmoja ni juu yako. Beba koti, Juni hapa ni baridi.

Msalimie mkeo, watoto, wachumaji wote, na mizabibu yenyewe, haina kosa.

Mkwe wako mwenye uchungu,
Théodore

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha, dada yangu Victorine, mama wa Héritière, aliitia chupa friji bila kuniuliza. Akaniletea glasi na samaki wa kukaanga mwenye pilipili. Nilikuwa na njaa. Mdomo umejaa, nikasema, "Eish, tamu!" Kumbe ukoo mzima ulikuwa nyuma ya mlango. Vigelegele! Héritière kanikumbatia shingoni akilia. Jumamosi ni kanisani, na sanduku lake liko mlangoni tayari. Vyumba vyetu viwili vimeanza kuwa vikubwa mno.

Basi sukari usitie. Ila amebaki mdogo wake, Jocelyne, na ameanza kujipaka manukato akienda spaza kununua mkate. Kwa huyo, nakusihi, tengeneza mchachu kabisa, usiopatana na samaki yeyote.