Utepe wa Mabalozi Wanne

Kipaza sauti cha ofisi ya kijiji kilikwaruza, kikatoa habari: mataifa yamekutana tena, yametia saini, na kila binadamu sasa atatibiwa bila kuuza ng'ombe wake. Kisha, kwa sauti ya chini, kikaongeza kwamba uzinduzi wa kliniki ya hapo San Macario umeahirishwa. Balozi wa nne ana safari.

Kwenye benchi la Mama Crescencia, muuza uji wa atole, Eleuterio aliweka kikombe chini bila kuonja. Wenzake walimwita Shavu tangu jino limvimbishe uso upande mmoja, ukawa kama tamale, andazi la mahindi la kufungwa kwa majani, iliyofungwa na mlevi.

"Nitakufa nimeshatiwa saini," alisema.

"Acha kudeka, compadre." Huyo alikuwa Fidencio, aliyewahi kuosha vyombo Chicago na tangu hapo mambo ya nje hayampiti. "Ushirikiano wa kimataifa una adabu zake. Paa katoa huyu, vitanda yule, kiti cha meno wa tatu, dawa wa nne. Sharti mabalozi wao wote wakate utepe pamoja. Ukikatwa na watatu, wa nne ananuna."

"Na mimi nikinuna?"

"Kwa uso huo, nani atajua?"

Mama Crescencia alicheka mpaka upawa ukazama kwenye sufuria.

"Chekeni," Shavu alisema. "Mwaka wa tetemeko walituletea mahema. Bwana wa wilaya akayafungia stoo mpaka waziri aje kupiga nayo picha. Mvua ikamtangulia waziri. Mama yangu alilala chini ya meza na kuku. Leo kiti kiko kwenye nailoni, na daktari wa meno mwenye ufunguo kakaa ngazini anatafuna mbegu za maboga."

"Daktari Yatziri umwache," alisema Mama. "Kaambiwa na bwana huyohuyo akifungua kwa ajili ya mgonjwa kabla ya sherehe, mwaka wake wa kutumikia vijijini unafutwa." Akakorogakoroga. "Ila kwa ajili ya tequio, je?"

Kengele ya tequio ikilia, kila aliye kijijini anatoka na ufagio au sepetu kufanya kazi ya wote. Harusi husimama. Padri aliwahi kuacha misa katikati akaja kuzibua mtaro.

"Tequio ya nini?" aliuliza Fidencio.

"Usafi. Kliniki ina vumbi."

"Vumbi liko ndani."

"Ndipo hapo mlango unapofunguliwa, baba. Na daktari si mkazi? Akigomea kazi ya kijiji, hilo ndilo kosa."

"Na utepe?"

"Nani kasema tuukate? Tutainama."

Mwaka huu zamu ya kupiga kengele ilikuwa ya Fidencio. Aliipiga kama mtu aliyeunguliwa nyumba.

Watu wakamiminika kliniki, daktari akafungua mlango, wakapita chini ya utepe, kofia zikianguka. Shavu alichana nailoni kwa mikono yake, akakaa kitini.

"Umekuja kufagia nini, Don Eleuterio?" aliuliza Daktari Yatziri, akiwa ameshavaa glavu.

"Jino."

Bwana wa wilaya alifika akihema, tai begani. Akaukagua utepe: mzima, hata uzi haujatoka.

"Umefika kwa wakati, bwana," Mama Crescencia alimwambia. "Bibi hawa watauchana kwa mafundo ya nywele. Hebu uinue."

Akauinua kwa mikono miwili, kwa usalama wa utepe. Foleni ikapita.

Shavu alitoka na pamba mdomoni, shavu limekufa ganzi, machozi yanamtoka kwa raha. Alikuwa amemwekea bwana huyu maneno ya miaka, tangu mahema yale, lakini ulimi haukunyanyuka. Hapo akawaona watu wa kijiji jirani cha Santa Eduviges wanapanda kilima, wale ambao babu zao walipigana na babu zake kwa ajili ya mpaka wa malisho. Kila mmoja kashika ufagio mkono mmoja, shavu mkono wa pili.

"Tumesikia kengele," alisema wa mbele. "Tumekuja kuwasaidia kufagia vumbi."

Fidencio alikaa chini kwa kicheko. "Mabalozi hao. Wamefika bila kualikwa."

Shavu akamwendea bwana wa wilaya, akamshika viwiko, akamsukuma mikono yenye utepe juu zaidi. Watu wa Santa Eduviges ni warefu.