Barua ya Baba Yawekwa Karantini

Jumatatu, 3 Machi

Barua pepe kutoka kwa Baba. Keshokutwa anafanyiwa upasuaji wa jicho, na anaomba kuja kupumzika kwetu wiki mbili. Nikaishia hapo. Ya nini kuendelea? Chumba cha ziada tunacho kimoja tu, na chumba hicho ni ofisi yangu. Humo ndimo ninamotungia mafumbo ya maneno ya gazeti la kila wiki. Meza, kompyuta, kamusi tatu, kiti cha kuzunguka. Haiwezekani kutunga fumbo huku mzazi wako anakoroma kando ya kamusi!

Nimeamua kutojibu. Sijakataa. Sijajibu tu.

Jumanne, 4 Machi

Dada kapiga simu. Mbona Baba hajajibiwa? Nikasema sijaona barua yoyote. Akauliza ingepotelea wapi. Ulimi ukanitangulia: nikamwambia programu yangu ya kuzuia virusi hukagua kila barua inayoingia, na ile inayoitilia shaka huiweka karantini. Hilo neno karantini lilinitoka vizuri sana. Dada akasema haya, akaaga.

Tatizo ni dogo. Programu ninayo, ila huo ukaguzi wa barua sijawahi kuuwasha. Nimeuwasha mara tu alipokata simu. Sasa si uongo tena. Ni ukweli uliochelewa.

Mke wangu akauliza ninachekea nini peke yangu. Mambo ya usalama, nikamjibu.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Mkaguzi anachapa kazi kuliko nilivyotaka. Barua zinaingia kwa kusuasua, na kila moja inagongwa muhuri chini: Imekaguliwa, ni salama. Tangazo la magodoro, salama. Mtu nisiyemjua anayenipongeza kwa ushindi nisioushinda, salama kabisa. Fumbo langu la wiki hii, nililomtumia mhariri asubuhi, limekwama njiani mpaka jua likaanza kushuka, kumbe hukagua hata zinazotoka.

Nilihitaji akamate barua moja tu, niwe na ushahidi. Hakukamata hata moja. Basi barua ya Baba nikaiburuta mwenyewe mpaka karantini. Programu ikaniuliza kama nina uhakika.

Mkono ukasita. Ni ajabu: mashine inakuuliza lile swali ambalo wewe mwenyewe umekuwa ukilikwepa. Nikabonyeza Ndiyo, kisha nikaenda kumwagilia maua. Mke wangu alishangaa. Sijawahi kumwagilia maua.

Dada kaandika: upasuaji umekwenda salama. Barua yake nayo imegongwa muhuri.

Jumamosi, 8 Machi

Dada kamtuma mumewe. Shemeji huyu hutengeneza kompyuta chuoni, na akiingia nyumbani kwa watu hupuliza vumbi la kompyuta kwanza ndipo asalimie. Akasema kompyuta ya nyumbani haihitaji ukaguzi wa barua. Programu inalikagua kila faili unapolifungua, iwe limekuja kwa barua au kwa njia nyingine. Kulikagua tena kwenye barua ni kumpekua mgeni getini, halafu mlinzi yuleyule ampekue tena mlangoni. Faida hakuna, foleni ipo.

Nikapinga kwa nguvu zote. Walinzi wawili ni bora kuliko mmoja! Dunia imeharibika! Huo ukaguzi hauzimwi nikiwa hai! Mke wangu akaacha kukunja nguo, akaniangalia. Alitaka kujua tangu lini nimekuwa na mapenzi hayo na programu.

Wakati huo Shemeji alikuwa ameshafungua karantini. Barua moja tu, ya Baba. Kando yake maandishi madogo: Imewekwa humu na mtumiaji, Jumatano.

Mtumiaji! Nyumba hii ina mtumiaji mmoja.

Shemeji akakohoa, akasema wakati mwingine hizi mashine hukosea. Wema huo sitamsamehe maisha yangu yote. Mke wangu akamsindikiza hadi mlangoni, akarudi.

“Mlinzi wako anafaa kwa virusi,” akasema. “Kwa barua unayoiogopa wewe mwenyewe, anafaa nini?”

Kisha akazibeba kamusi zote tatu kwa mara moja na kuzipeleka sebuleni.

Jumapili, 9 Machi

Baba kafika. Jicho la kushoto lina kifuniko cha plastiki chenye matundu, kimebandikwa kwa plasta. Nimemshika mkono kupanda ngazi. Umekuwa mwepesi, mkono wa Baba. Sijui umekuwa hivyo tangu lini.

Hakuuliza chochote. Baada ya chai akaomba nimsomee barua aliyoniandikia, maana hakumbuki kama aliipanga vizuri. Nikafungua kompyuta. Baada ya sentensi ya pili nilikuwa naisoma kwa mara ya kwanza.

“Ofisi yako usiiguse, mwanangu. Nitalala sebuleni, kochi linanitosha. Ninachohitaji ni mtu wa kunitia dawa ya jicho, maana mkono wangu unatetemeka. Kama una kazi nyingi nitaelewa. Ila nijibu, nisije nikadhani sikubonyeza panapotakiwa.”

Baba akageuza uso kuelekea sauti yangu.

“Kwa hiyo ilifika.”

“Ilifika, Baba.”

“Siku zote hizi nilidhani nimekosea mimi.”

Nikamwambia hakukosea hata herufi moja. Akafurahi! Alifurahi kweli, kama mtu aliyefaulu mtihani. Nilipomtia dawa, mkono uliotetemeka ulikuwa wangu, na tone la kwanza likaangukia shavuni. Akacheka, akasema tuna usiku na mchana wa kujifunza.

Jumatano, 12 Machi

Ukaguzi wa barua umezimwa. Barua zinaingia mara moja. Baba analala ofisini, mimi natungia mafumbo kwenye meza ya kulia chakula, na kusema kweli si pabaya. Nimetafakari sana. Mtu ukiogopa barua, isome mpaka mwisho. Ukishindwa jambo, sema umeshindwa. Mimi ni mtu mpya.

Mchana mhariri kaandika: fumbo la wiki hii liko wapi? Sijalianza. Kusingizia ukaguzi siwezi, hayo nimeyaacha. Nikamjibu kwamba nimefanyiwa upasuaji wa jicho.

Jicho ni la kweli. Upasuaji ni wa kweli. Kilichobadilika ni mwenye jicho tu.

Mhariri kaguswa mno. Kesho anakuja na matunda kunipa pole. Nimeshamuuliza Baba kama anaweza kuniazima kidogo kile kifuniko.